Mjane asiye na pensheni: ndoa ya pili ya uzeeni kwa Waamishi

Kila majira ya baridi mabasi hutoka Ohio, Indiana na Pennsylvania yakiwa yamejaa Waamishi, Wakristo wa Marekani wanaoishi kwa desturi za kale na wasiomiliki magari, kuelekea Pinecraft, mtaa mdogo ulio Sarasota, Florida. Abiria wengi ni watu waliokwisha kulea. Basi linapowasili, waliotangulia wameshakusanyika uwanjani, wengine wameketi juu ya baiskeli zao za magurudumu matatu, wakitazama nani anashuka. Bibi mwenye kofia nyeupe ya kitambaa anateremka na begi lake, anapokewa, na kabla ya jioni mtaa mzima unajua amefikia kwa nani. Wajane na wagane wamo katika umati huo, na si ajabu mmoja wao kurudi kwao akiwa na mtu wa kumwandikia barua.

Watu wa nje huisoma habari kama hii kwa namna mbili. Kuna riwaya za mapenzi ya Waamishi, zinazouzwa sana Marekani na nyingi zimeandikwa na watu wasio Waamishi, ambamo mjane humpata seremala mpole na machozi yakakauka. Halafu kuna wakosoaji wasemao kwamba hapo hakuna mapenzi, ni mahitaji tu: mwanamume anatafuta wa kumpikia, mwanamke anatafuta paa. Nataka kuzungumza na hawa wa pili. Hoja yao ina uzito, lakini naona wamekosea mahali pa kuanzia.

Wanaanza na ukata wa mjane. Kweli, mjane wa Kiamishi kwa kawaida hana pensheni ya serikali. Mwaka 1961 maofisa wa kodi walimkuta Valentine Byler, mkulima wa Kiamishi wa Pennsylvania, akiwa shambani analima. Wakachukua farasi wake watatu wakawauza mnadani, kwa sababu alikataa kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii. Byler hakukataa kwa ubahili. Kwa imani yao kumtunza mzee na mjane ni wajibu wa familia na kanisa, na kuingia bima ili serikali iubebe ni kuutupa. Kisa cha farasi wale kilivuma nchi nzima, na mwaka 1965 sheria ikawasamehe Waamishi waliojiajiri. Mwaka 1988 msamaha ukawafikia walioajiriwa na Waamishi wenzao.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha kodi. Mimi kila nikikirudia naona ni kisa cha uzee. Tazama sharti lililomo ndani ya sheria ile: msamaha hupewa mtu wa kundi la dini lililokuwapo tangu mwisho wa mwaka 1950, na ambalo lina desturi ya kuwatunza wategemezi wake kwa kiwango cha kuridhisha. Anayesamehewa hutia saini kwamba hatadai mafao. Maana yake kanisa limeahidi mbele ya dola kwamba mjane wake hatalala njaa.

Ahadi hiyo unaweza kuiona kwa macho. Ni ile nyumba ndogo iliyoshikana na nyumba kubwa ya shamba, wao huiita daadihaus, yaani nyumba ya babu. Mtoto mmoja akikabidhiwa shamba, wazazi huhamia humo, hatua chache kutoka jiko la mkwe. Mwenza mmoja akifariki, anayebaki habaki peke yake na vyumba vitupu. Mama wa Kiamishi kwa wastani huzaa watoto sita au saba, basi piga hesabu ya wajukuu. Asubuhi kuna mtoto mlangoni. Kuna maharage ya kumenya, kuna mtungi wa matunda wa kufunga, kuna mfarishi umewambwa kwenye fremu sebuleni na wanawake wanne wanakuja mchana kuushona. Mtu wa umri wa miaka 70 ana kitu ambacho kisipofanywa na yeye hakifanyiki.

Mlinganishe na mjane wa Marekani asiye Mwamishi. Huyo, akiwa na haki ya mafao ya marehemu mumewe kutoka hifadhi ya jamii, kwa kawaida huikosa akiolewa kabla ya kutimiza miaka 60. Akingoja hadi 60, anabaki nayo. Sasa mfikirie mwanamke wa miaka 57 aliyempata mtu wa kumpenda. Hata kama moyo umeshajibu, itabidi akae na kikokotoo kwanza. Miaka mitatu ya kungoja katika umri huo si michache, na anayempenda naye anazeeka. Wapo wanaoamua kuishi pamoja bila ndoa ili hela zisikatike. Hesabu hii hunirudia kila nisikiapo kwamba Waamishi ndio wanaooana kwa mahitaji. Mwenye mafao ndiye anayelazimika kupiga mahesabu kabla ya kusema ndiyo. Mjane wa daadihaus hapotezi senti akikubali, na akikataa, kitanda chake bado kipo palepale.

Mkosoaji atasema: nyumba ile kwa sasa ni ya mwanawe, je mkwe akinuna? Ni swali la haki. Jibu lao ni shemasi. Cheo chake kwa lugha yao ni Armendiener, mtumishi wa maskini, na mfuko wa kuwasaidia wenye shida wa kila kitongoji cha kanisa uko mikononi mwake. Kitongoji kina familia 25 hadi 40 hivi, zinazokutana kwa zamu nyumbani kwa kila mmoja. Bibi akinyimwa chakula, jambo hilo halifichiki hadi Jumapili ya ibada.

Kuhusu ubaridi wa moyo, tazama desturi zenyewe. Mjane huvaa nyeusi mwaka mzima. Wa pwani wanaokaa eda wataielewa nguo hiyo bila kuelezwa. Harusi ya kwanza kule Lancaster, Pennsylvania, hufanyika Jumanne au Alhamisi baada ya mavuno, na wageni mamia kadhaa. Ya wajane huwa ndogo, na yaweza kufungwa mwezi wowote. Kitambaa cha mabegani na aproni nyeupe alivyovaa bibi arusi siku ya harusi ya kwanza hukunjwa na kuwekwa, visivaliwe tena hadi siku atakayozikwa. Hakuna anayemtaka mjane ajifanye hakuwahi kupenda kabla.

(Wasomaji wa Mara, Tanzania, watawatambua Waamishi kama jamaa wa mbali. Wamisionari walioleta Kanisa la Mennonite Shirati mwaka 1934 walitoka Lancaster hiyohiyo, na Waamishi walijitenga na Wamennonite huko Ulaya mwaka 1693.)

Ila utetezi wangu una mpaka, na wakosoaji wangefaa kusimama hapo badala ya kwenye pensheni. Mgane mwenye watoto wadogo saba huoa upesi kwa sababu nyumba inamwelemea, na sitaiita hiyo mapenzi kabla haijawa. Kubwa zaidi ni talaka: haikubaliki, na aliyeachwa haruhusiwi kuoa wala kuolewa madamu mwenzake yu hai. Mlango wa ndoa ya pili hufunguliwa na kaburi peke yake. Mwanamke ambaye mumewe aliliacha kanisa, akaenda mahakamani na kupata talaka, akaoa kwingine, bado ni mke wake mbele ya askofu, na maaskofu, wahubiri na mashemasi wote ni wanaume. Akiamua kuolewa nje, atatengwa, kwa kuwa alibatizwa ukubwani kwa ahadi ya kulitii kanisa, na nafasi yake katika jamii ile ataipoteza.

Mwanamke huyo ana kazi, ana watoto, na shemasi anamjali kama anavyomjali mjane. Mchana huketi kwenye fremu ileile ya mfarishi, sindano mkononi, bega kwa bega na mjane aliyepata barua kutoka kwa mtu wa Pinecraft. Wote wanajua barua inasema nini. Mjane anaweza kuijibu. Kwa huyu wa pili mimi sina jibu, na sijaona kanisa lao likitoa jibu jingine zaidi ya kumwambia angoje.