Busu Linapimwa kwa Saa, Maiti Hazina Idadi

Hivi nani aliwaambia hawa wakata filamu kwamba sisi watazamaji tunaogopa midomo kuliko bastola? Mi nauliza tu, sina ugomvi na mtu. Maana ukikaa ukaziangalia vizuri hizi muvi za kijasusi, za akina James Bond na wenzake, utaona jamaa anashuka kwenye helikopta anamwaga risasi, watu wanaanguka kushoto kulia, jengo linalipuka, gari linaingia mtoni, na hakuna aliyegusa mkasi. Ngoja sasa amsogelee mdada. Ngoja amshike kiuno. Hapohapo picha inaruka, muziki unakatika katikati, unashtukia jamaa keshavaa suti na yuko uwanja wa ndege. Unajiuliza, nimesinzia au? Hujasinzia ndugu yangu, umekatiwa.

Chukua Spectre, muvi ya Bond ya 2015. Ilipofika India bodi yao ya filamu ikakaa kikao, watu wazima na akili zao timamu, wakatoka na uamuzi kwamba madenda ya Daniel Craig, aliyecheza Bond, yapunguzwe nusu. Sio yaondolewe, yapunguzwe. La Monica Bellucci nusu, la Léa Seydoux nusu, na matusi mawili yakafutwa. Sasa mi hapo kwenye nusu ndo nachoka kabisa, kama denda ni baya si ulitoe lote tujue moja, na kama halina neno si uliache liishe lenyewe? Hiyo nusu mmeipataje? Nani alishika saa, na nani alinyoosha mkono akasema hapohapo, inatosha, mdomo ukizidi hapo taifa linaharibika? Yaani kuna mtu ana mshahara na kitambulisho cha kazi shingoni, jioni akarudi nyumbani mkewe akamuuliza leo kazini mlikuwa na shughuli gani, akajibu tulikuwa tunapima busu. Halafu mwenyekiti wa bodi wakati ule, Pahlaj Nihalani, mwenyewe ni prodyuza wa filamu, sio kwamba hajui denda linavyotengenezwa.

Na muvi hiyohiyo inaanza Mexico City kwa kuangusha jengo zima barabarani. Jengo lilipita. Jengo halikupunguzwa nusu.

Wahindi wenyewe walicheka mpaka basi, wakamfungulia Bond heshitegi ya #SanskariJamesBond, yaani Bond kijana mwenye maadili, wakawa wanamchora na kumtungia vituko usiku na mchana. Mi naongezea changu: Bond mwenye maadili anamwambia M, bosi wake, mkuu, naomba ruhusa nimshike mdada mkono, na M anamjibu subiri kwanza niwaulize wazazi wake.

Ila msidhani huu ugonjwa umeanza juzi. Marekani kulikuwa na kanuni ya maadili ya sinema, ilianza kusimamiwa kwa nguvu mwaka 1934 ikadumu mpaka miaka ya sitini, na kwenye zama hizo busu refu lilikuwa mwisho sekunde tatu. Tatu! Sasa mwongozaji Hitchcock anatengeneza Notorious, 1946, muvi ya kijasusi kabisa, Ingrid Bergman anatumwa kuwachunguza Wanazi waliojificha Brazil, na Cary Grant ndo bosi wake wa kazi, na wanapendana. Mzee akaona isiwe tabu. Akawaambia busianeni, mkifika mwisho achaneni, ongeeni kidogo, rudieni. Basi wale watu wametoka barazani wameshikana, wamekwenda mpaka kwenye simu wameshikana, wamefika mlangoni wameshikana, dakika mbili na nusu hivi wanadonoana kama kuku kwenye mtama, na mazungumzo yenyewe ya katikati ni kuhusu kuku wa chakula cha usiku! Mkaguzi kakaa na saa yake, anahesabu, moja, mbili, tatu, wameachana, haya tena, moja, mbili, tatu. Kisheria hakuna kosa. Na niwaambie ukweli, ile sini ina moto kuliko lingekuwa busu moja la kawaida wakamaliza wakaenda zao. Huyo aliyeweka hiyo sheria alikuwa anatafuta adabu, akazaa kitu ambacho hata leo ukikiangalia unajifanya unatafuta chaja.

Mzee huyohuyo 1959 akaleta North by Northwest. Mle kuna Eva Marie Saint kakaa mezani kwenye treni na Cary Grant, anamwambia huwa hafanyi mapenzi na njaa. Wakaguzi wakaruka. Ikabidi sauti ibadilishwe, mdada aseme kwamba huwa hazungumzii mapenzi na njaa. Sawa, sikio limeokoka, ila midomo yake bado inasema ilichosema siku ya kwanza, ukiangalia vizuri unaiona kabisa. Halafu muvi inaishia na nini? Wanandoa wamepanda kitandani kwenye behewa, na treni inaingia kwenye handaki. Hicho kilipita, funika kombe mwanaharamu apite, wakaona ni usafiri tu.

Sasa tusijifanye sisi wa sebuleni ni watakatifu, maana bodi ya filamu iko kwenye kila nyumba na mwenyekiti ni yeyote aliyeshika rimoti. Mmekaa, baba yupo, mama yupo, shangazi kaja kusalimia, watoto wamelala kifudifudi chini. Jasusi kaingia kwenye ngome ya adui anachinja walinzi, mmoja baada ya mwingine, mzee anachangamka kabisa, anauliza yule wa kule juu naye kafa? Amekufa baba. Safi. Shangazi anasema stelingi hafi bana, tulieni. Amani imetawala. Mara jasusi kafungua mlango wa hoteli, mdada kasimama dirishani, muziki umekuwa laini. Hapo ndo utajua watu wana vipaji. Mzee anaanza kukohoa kikohozi ambacho mchana kutwa hakikuwepo. Mama anakumbuka kuna kitu jikoni. Shangazi anasoma meseji kwenye simu iliyozimika chaji. Rimoti ambayo kila siku inakuwa mbele ya macho haionekani, watu wanainua mito, na yule aliyeipata anabonyeza kwa haraka mpaka tunajikuta kwenye kipindi cha hali ya hewa, na tunaangalia mvua za nchi za watu kwa umakini wa ajabu. Tukirudi, mdada ameshauawa. Mtoto anauliza amefanyaje? Anajibiwa amepigwa risasi mwanangu, angalia. Hilo la risasi tunalo jibu.

Haya, turudi kwa wenye mkasi wa ofisini, maana nina jambo nao na hili ndo linalonikera kuliko yote. Watu wanamlaumu mkaguzi peke yake, wanamuona ndo adui wa sinema. Kumbe mara nyingi mwenye filamu mwenyewe ndo anampelekea mkasi na kumshikia taa. Uingereza wana bodi yao, BBFC, ipo tangu 1912, na zamani ile C ilikuwa ya ukaguzi moja kwa moja, 1984 wakaibadilisha ikawa ya kupanga madaraja, jina zuri zaidi. Mwenye muvi anakwenda pale kabla hata haijaiva anauliza, jamani hii mtaipa daraja gani? Anaambiwa hii ni ya miaka 15 na kuendelea. Jamaa anapiga hesabu ya watoto wote waliobaki nje na hela zao za tiketi, anasema aah, nikikata wapi itakuwa ya 12A? Anaonyeshwa. Anakata mwenyewe, kwa mikono yake, na tabasamu.

Hiyo 12A ni daraja lililoanza 2002, mtoto wa chini ya miaka 12 anaruhusiwa kuingia mradi awe na mtu mzima, na muvi ya kwanza kabisa kupewa ilikuwa ya jasusi, The Bourne Identity. Kwa hiyo mtoto wa miaka minane kashikwa mkono na mjomba wake, anakaa anamwangalia Matt Damon anapigana sebuleni na muuaji mwenye kisu, na yeye silaha yake ni peni. Peni ya kuandikia! Mtoto kesho yake anakwenda shule na peni nne kwenye begi.

Casino Royale ya 2006 ndo imenimaliza. Wale walioiona wanajua ile sini, Bond kavuliwa nguo zote, kakalishwa kwenye kiti ambacho wamekitoboa pale pa kukalia, na adui yake Le Chiffre, aliyechezwa na Mads Mikkelsen, anatembea taratibu huku anazungusha kamba nene yenye fundo mwishoni. Mwanaume yeyote akifika hapo anabana miguu bila kuambiwa. Kule Uingereza wakaona ukatili umezidi, wakaipunguza ile sini, ikapata 12A. Imepunguzwa, sikiliza vizuri, haijatolewa. Kwa hiyo kijana wa miaka 12 anajua kila kitu kinachompata yule mtu na kinampata wapi, ila amekingwa na sekunde kadhaa za vitisho. Jamani mi ni mwanaume, naomba anayejua anieleze, kile kipigo kikipunguzwa ndo kinauma kidogo?

Spectre nayo kabla ya kufika India ilishapita kwenye mikono hiyohiyo, Uingereza wakashauri punguza damu ya mtu aliyejiua, punguza lile jitu linalomtoboa mwenzie macho kwenye kikao. Yaani hiyo muvi kila mpaka inaovuka inaacha kiungo. London imeacha damu, India imeacha midomo, ingezunguka dunia nzima ingerudi nyumbani imebaki muziki na majina ya mafundi wa taa.

GoldenEye, 1995, kuna Xenia, mwanamke anayeua wanaume kwa kuwabana na mapaja, anamuua admirali mzima kitandani huku anafurahia. Ili ipate 12 ya Uingereza ikabidi furaha ipunguzwe. Sio kifo, furaha! Afe, ila muuaji asionekane ananogewa. Na Bond mle alikuwa kampiga mtu kichwa, wakakitoa, kichwa kilikuwa hakipendwi kabisa na wale wazee, risasi kumi sawa ila kichwa kimoja ni utovu wa nidhamu. Licence to Kill ya Timothy Dalton, 1989, ndo ilikuwa Bond ya kwanza kupewa 15 kule, na hapo walishaikata! Papa kala mguu wa mtu, mwingine kavimba kwenye chumba cha presha mpaka kichwa kikapasuka, mwingine kasagwa kwenye mashine. Nadhani hapo hata mkasi uliomba likizo.

Wachina wao wana orodha yao tofauti, na ukistaajabu ya Musa. Skyfall, Bond nyingine, walipoipokea mwaka 2013 walikata muuaji anapompiga risasi mlinzi wa Kichina kwenye jengo la Shanghai, wale wengine wa mataifa mengine waliendelea kufa vizuri tu. Mission: Impossible III waliikata mpaka nguo za ndani zilizoanikwa kwenye kamba mitaa ya Shanghai, yaani Tom Cruise anakimbia roho mkononi dunia inataka kulipuka, mtu yuko ofisini macho yake yako kwenye chupi za majirani. Ila Lust, Caution ya Ang Lee, 2007, ile ilinitia hasira ya kweli, mwanafunzi anajifanya mke wa mfanyabiashara ili ammalize msaliti wakati wa vita na Mjapani. Marekani wakaipa daraja kali kuliko yote, NC-17, China zikatolewa kama dakika saba za kitandani. Sawa. Halafu mwaka uliofuata mwanadada Tang Wei akafungiwa kwenye vyombo vya habari vya kule, wakati Tony Leung aliyekuwa naye kwenye kitanda kilekile akaendelea na kazi zake. Au yule mwanaume alikuwa amepita tu kuazima shuka?

Na wakati wote huu wa kupima midomo na kuanua chupi, kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, wakakaa wakahesabu vipigo kwenye muvi za Bond, matokeo yakatoka 2012. Dr. No ya 1962 ilikuwa na matendo ya ukatili 109. Quantum of Solace ya 2008, 250. Marekani nao 2013 jarida la Pediatrics likatoa utafiti kwamba mambo ya bunduki kwenye filamu za PG-13, hizo za vijana, yameongezeka zaidi ya mara tatu tangu 1985, na kufikia 2012 yalishazipita hata filamu za R zinazohesabiwa za wakubwa. Siri yake iko wazi, mpige mtu risasi ila asitoke damu. Aanguke msafi. Shati linabaki na pasi yake.

Sasa hapa kwenye hela ndo wanaponiumiza. Hivyo vipande wanavyokata hawavitupi, thubutu! Wanavitunza. Umeshalipa tiketi, umeshaona nusu kamba, nusu paja, umeshasahau. Miaka inapita, GoldenEye inarudi sokoni Uingereza ikiwa kamili na daraja la 15, Licence to Kill kamili, Casino Royale kamili. Kampuni ileile iliyokata ndo ile inayokuuzia ulichokatiwa. Na mi kwa umbea wangu nimekaa naangalia toleo kamili kwa makini, rimoti mkononi, narudisha nyuma narudia, niione hiyo tofauti niliyolipia, mke wangu anapita na ndoo ya kudekia anasimama anatazama kwenye kioo mtu uchi kwenye kiti, ananitazama mimi, anatazama rimoti, anauliza, baba nanihii, hapo ni mara ya ngapi?