"Watu wa Kale" wa Kolo Wana Wajukuu

Shuleni tulimaliza habari hii kwa sentensi moja: michoro ya mapangoni ipo Kondoa Irangi, ilichorwa na watu wa kale. Mwalimu akafuta ubao, tukahamia Olduvai. Niliishi na sentensi hiyo bila matatizo hadi nilipopanda mwenyewe mlima wa Kolo. Tangu siku hiyo inanikera.

Kolo iko kando ya barabara ya Dodoma kwenda Babati, ukishaipita Kondoa mjini. Unaacha lami, unashika njia ya mawe, halafu unapanda kwa miguu. Nilitarajia pango lenye giza. Kumbe ni mwamba mkubwa umeinamia mbele kama upenu wa nyumba, na michoro iko ukutani humo, mchana kweupe. Mwanzoni sikuona kitu. Kijana aliyenipeleka akaniambia, "Tulia kaka, macho yatazoea." Yakazoea. Ikajitokeza mistari myekundu, myembamba: watu warefu kupita kiasi, viuno kama vya nyigu, vichwa vimetuna kwa nywele au mapambo. Tembo. Twiga. Kwenye miamba mingine kuna rangi nyeupe nzito iliyopakwa kwa kidole, mara nyingine juu ya ile nyekundu. Nyekundu ni ya wawindaji. Nyeupe ilikuja baadaye sana, na huhusishwa na wakulima wa Kibantu.

Mchoro unaopigwa picha na kila mgeni una watu watano. Wa katikati ameshikwa mikono, huku na huku. Mary Leakey, mwanaakiolojia aliyeinakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, aliona utekaji: mwanamke anavutwa na wageni, ndugu zake wanamng'ang'ania. Ni hadithi tamu, na ndiyo inayosimuliwa mpaka leo. Lakini wapo watafiti waliotazama upande mwingine, kwenye ngoma ya simbo ya Wasandawe, ambayo mchezaji hupandisha, akawa kama simba, na wenzake wakawa karibu naye. Ukiutazama mchoro ukiwa na simbo kichwani, ile mikono inabadilika. Huenda haimvuti mtu. Huenda inamzuia asianguke.

Sisemi nimeutegua. Ninachosema ni kwamba swali lenyewe huwezi hata kuliuliza kama umeshaamini kuwa waliochora ni "watu wa kale" waliopotea. Wasandawe wapo, Farkwa na Kwa Mtoro, wilayani Chemba, iliyokuwa sehemu ya Kondoa hadi 2012. Lugha yao ina vidoko, zile sauti za kugonga ulimi, kama ya Wahadza wa Ziwa Eyasi, na watafiti wengi huwataja hao wawili wanapotafuta wazao wa wachoraji wa rangi nyekundu. Ipo michoro ya Usandawe ambayo wazee wake walikumbuka ilichorwa lini na kwa nini, katika karne iliyopita tu. Nina mwenzangu kazini, Msandawe wa kuzaliwa. Nilipomwonyesha picha kwenye simu alishangaa: naye alifundishwa ile ile sentensi moja.

Halafu kuna Warangi, wenyeji wa Kondoa, ambao mwamba ule wa Kolo wanauita Mungomi. Kwao mwamba ule haujawahi kustaafu. Waganga wanatibia pale, wazee wanatambika mvua ikichelewa, na katika tambiko pombe hunyunyizwa ukutani. Hapo ndipo ugomvi ulipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ilitungwa kulinda vitu: mwamba, rangi, masalia. Tambiko si kitu. Kwa hiyo mzee mwenye kibuyu anageuka mharibifu katika mlima wa babu zake.

Ni kweli, pombe inaharibu rangi, na sitajifanya haidhuru. Lakini tuwe wakweli pia kuhusu uharibifu mwingine. Enzi za ukoloni baadhi ya miamba ilizungushiwa waya. Watu wakaung'oa, wakaupeleka kwenye shughuli zao. Wapo waliochimbua chini ya michoro wakitafuta dhahabu ya Wajerumani (dhahabu hiyo kila mkoa wa Tanzania inayo, na hakuna mkoa ulioiona). Wapo wanaoandika majina yao kwa mkaa. Katika wote hao, mzee wa tambiko ndiye pekee anayeuhitaji mwamba uwepo kesho. Mimi ningeanza kuzungumza na yeye: wapi anyunyize, wapi asinyunyize.

Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza michoro hii kwenye Urithi wa Dunia, eneo la kilomita za mraba 2,336. Vizuri. Sasa natamani mgeni akifika Kolo apate pia kumsikia Msandawe akieleza simbo kwa mdomo wake, na Mrangi akieleza Mungomi, kabla ya kusimuliwa habari ya mwanamke aliyetekwa.

Yule mwenzangu tumepanga twende naye baada ya mavuno. Ameshaniuliza kama viatu vyake vya ofisini vitafaa. Havifai.