Mfuko wa dawa wa nyanya: hoja ya kliniki ya kumbukumbu Mombasa

Mzee akianza kuuliza swali moja mara tano kabla ya chai ya asubuhi kwisha, nyumba nyingi za Mombasa husema ni uzee, na uzee ni utoto wa pili. Wahudumu wa afya nao, si wachache, husema hivyo hivyo kitaalamu: dimensia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na akili, haina tiba, mlisheni vizuri, mleteni tena baada ya miezi mitatu. Hapo swali jingine linakuja lenyewe. Kama ugonjwa hauna tiba, kliniki maalum ya kumbukumbu kwenye hospitali ya rufaa ni ya nini? Si afadhali pesa hizo ziende zahanati za Likoni, Kisauni na Changamwe, waliko wazee wenyewe?

Hoja hii tuipe haki yake. Madaktari wa mishipa ya fahamu na wa magonjwa ya wazee ni wachache Kenya, na wengi wako Nairobi. Mgonjwa wa Mtongwe anayeitwa kisiwani saa mbili asubuhi huamshwa saa kumi alfajiri, avushwe kwa feri, apandishwe tuktuk, kisha akae kwenye benchi mpaka adhuhuri. Anapofika mbele ya daktari hajui hata yuko wapi, na alama zake za kipimo cha kumbukumbu zinashuka kwa uchovu tu. Zahanati iko jirani. Tangu SHA ichukue nafasi ya bima ya afya ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, matibabu ya ngazi ya 2 na ya 3, yaani zahanati na vituo vya afya, yamewekewa mfuko wa afya ya msingi. Wahudumu wa afya ya jamii wanapita nyumba kwa nyumba. Mwongozo wa afya ya akili wa Shirika la Afya Duniani, mhGAP, ambao dimensia imo ndani yake, umeandikwa makusudi kwa muuguzi na tabibu wasio wataalamu. Na kuna neno ambalo halisemwi mkutanoni ila kila aliyefanya kazi hospitalini analijua: kliniki maalum huanzishwa na daktari mmoja mwenye bidii, na akipata uhamisho kinachobaki ni kibao mlangoni.

Silaha kubwa ya upande huu ni utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la BMJ. Wagonjwa 175 waligawanywa kwa kura: wengine wafuatiliwe na kliniki za kumbukumbu, wengine na daktari wa kawaida wa mtaani. Miezi 12 baadaye haikuonekana kwamba waliofuatiliwa na kliniki walikuwa na maisha bora kuliko wenzao. Basi, wanasema, mjadala umekwisha.

Haujakwisha, kwa sababu utafiti huo umesomwa nusu. Wagonjwa wote 175 walikuwa wameshapimwa na kupewa jina la ugonjwa wao kliniki kabla ya kura kupigwa. Daktari wa mtaani alipokea mtu aliyekwisha kuchujwa. Kilicholinganishwa pale ni kufuatilia. Kutambua kulishafanywa, na kulifanywa na wataalamu. Kuutumia utafiti huo kukataa kliniki ni kama kusema meli haihitaji rubani wa kuiingiza Kilindini kwa kuwa ikishafungwa gatini inakaa salama bila yeye.

Neno "haina tiba" ndilo linalopotosha. Ni kweli kwa Alzheimer, ambayo kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ni asilimia 60 hadi 70 ya dimensia yote. Donepezili, miligramu 5 usiku na kupandishwa hadi 10 baada ya wiki nne hadi sita, humsaidia mgonjwa fulani kwa muda fulani, na kwa kuwa inapunguza mapigo ya moyo, mapigo hayo hupimwa kwanza. Dawa mpya za kutiwa mshipani, lecanemab na donanemab, ziliidhinishwa Marekani mwaka 2023 na 2024. Zinataka picha za MRI za kurudiarudia kwa kuhofia uvimbe na damu kuvuja ubongoni. Kuzipangia bajeti Mombasa leo ni ndoto za mchana. Kama kazi ya kliniki ingekuwa kugawa dawa hizi, wapinzani wangekuwa na haki yote.

Kazi yake ni kupambanua. Si kila anayesahau ana Alzheimer. Wako ambao tezi ya shingoni imezembea. Wako waliomeza metformini ya kisukari miaka kumi na vitamini B12 ikapungua polepole, bila mtu kuipima. Yupo aliyeanguka bafuni, akainuka, akacheka, na damu ikaendelea kuvuja kidogo kidogo chini ya fuvu mpaka wiki ya sita akaanza kuyumba na kupoteza maneno; huyo anahitaji skani ya kichwa na daktari wa upasuaji, na ushauri wa lishe hautamfaa kitu. Ipo kaswende ya zamani, ipo HIV, ipo huzuni ya mjane ambaye hasahau bali hana haja ya kukumbuka. Na yupo aliyebadilika ndani ya siku mbili tu: huyo atafutiwe maambukizi ya mkojo au nimonia leo hii, wala asisubiri tarehe ya kliniki.

Kisha kuna mfuko wa dawa, na hapa hasa ndipo kliniki inapolipa gharama yake. Sharti la kwanza liwe kwamba mgonjwa aje na kila anachomeza ndani ya mfuko mmoja: cha hospitali, cha duka la dawa, na cha mganga wa mitishamba. Mfamasia aumwage mezani. Mara nyingi kinachotoka kina mfuatano wake. Nyanya aliandikiwa amlodipini ya presha. Miguu ikavimba, maana dawa hiyo ina tabia hiyo. Kwa kuwa miguu imevimba, akaongezewa dawa ya kutoa maji. Dawa ya maji ikashusha sodiamu ya damu, na ikaishusha zaidi wakati wa joto la kaskazi alipokuwa akitoka jasho na kunywa kidogo. Sodiamu ikishuka akili huchanganyika: anaweweseka usiku, hamtambui mwanawe. Anakimbizwa kwa daktari mwingine, anapewa haloperidoli atulie. Sasa anakokota miguu, anaanguka, na familia inaambiwa dimensia imefika pabaya. Dawa tatu, kila moja imeandikwa kwa nia njema mbele ya dalili iliyoonekana siku ile. Na hiyo ya mwisho ni ya kundi ambalo tangu 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani imelitolea onyo kwamba huongeza vifo kwa wazee wenye dimensia.

Mfuatano mwingine ni wa kimyakimya zaidi. Piriton ya mafua, amitriptilini ya miguu inayochoma kwa mwenye kisukari, benzeksoli ya kuondoa mtetemeko: zote huizuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuhifadhi kumbukumbu, na ndiyo inayopungua kwa mgonjwa wa Alzheimer. Donepezili huilinda kemikali hiyo hiyo. Anayemeza zote mbili ni mtu anayeteka maji huku mwenzake anatoboa ndoo. Tena ndoo haizibwi kwa siku moja. Amitriptilini iliyoliwa muda mrefu hushushwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, la sivyo usingizi unapotea na kichefuchefu kinaingia.

Muuguzi wa zahanati anaweza kuyaona haya yote. Mamlaka ya kufuta dawa iliyoandikwa na daktari bingwa hana, na si haki kumtarajia afanye hivyo. Hili wapinzani wa kliniki hawajalijibu.

Kipimo chenyewe kina mitego yake, na mitego hiyo haina budi ijulikane na wote wawili, wa zahanati na wa kliniki. MoCA, mojawapo ya vipimo vya kumbukumbu, humtaka mgonjwa achore saa inayoonyesha dakika kumi baada ya ile ambayo Waingereza huiita kumi na moja. Ukitafsiri neno kwa neno, "saa kumi na moja na dakika kumi", Mswahili atapeleka mshale kwenye 5, na atakuwa sahihi. Ukisema "saa tano na dakika kumi", mwenye mazoea ya saa ya mkononi ataenda kwenye 11, mwingine kwenye 5. Alama inapotea na ubongo ni mzima. MMSE, kipimo kingine, huuliza majira ya mwaka: akijibu "kusi" mpimaji wa bara huenda akaandika sifuri. Bibi asiyejua tarehe ya leo anaweza kukuambia bila kusita kwamba ni Mfunguo Mosi, siku ya ngapi. Kipimo cha IDEA, kilichotokana na utafiti wa Hai, Tanzania, hakihitaji kusoma wala kuandika. Kina maswali mafupi, kutaja wanyama kwa dakika moja, kukumbuka orodha ya maneno na kupanga vijiti vya kiberiti. Alama zote ni 15, na 7 kushuka chini ni ishara ya kumpeleka mbele. Hicho kiwe cha zahanati. Lakini kabla ya kukitumia mwangalie masikio: nta iliyojaa imewahi kumfanya mtu aonekane mpungufu wa akili.

Aliyekuja na mgonjwa naye ni sehemu ya kipimo. Kwa desturi huja mwenye pesa, mtoto aliyeshuka na treni jana, wakati anayejua kwamba mama anaficha chumvi kabatini na kuamka saa nane usiku kutafuta buibui ni msichana wa kazi au mkaza mwana. Mwiteni huyo. Na ahojiwe peke yake, maana mbele ya mama mkwe hatasema.

Faida ya jina la ugonjwa hupuuzwa na wale wanaohesabu vidonge. Pwani yetu, mzee anayetoka nje usiku bila nguo na kugonga milango ya watu anafanana neno kwa neno na mwanga wa masimulizi. Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na si vigumu kuona jinsi ugonjwa huu unavyoweza kumweka mtu kwenye hatari hiyo. Karatasi yenye muhuri wa hospitali ya rufaa haimalizi imani, ila inawapa watoto kitu cha kumwonyesha mzee wa mtaa na imamu. Kwa hilo, nadhani, ya zahanati ingebeba uzito mdogo.

Yanabaki maswali ya hesabu, na hapa wapinzani wasikilizwe zaidi kuliko wanavyosikilizwa. Kliniki ya siku moja kwa wiki, wagonjwa wapya wanne kwa siku, wiki 48, inapokea watu 192 kwa mwaka. Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333 katika sensa ya 2019. Tone la maji. Baya zaidi: ikiwafuatilia wote kila miezi mitatu, mwaka wa pili ina miadi 768 ya marudio, 16 kila siku ya kliniki, juu ya wapya wanne. Ndivyo kliniki hizi zinavyokufa, wala uhamisho wa daktari si sababu pekee. Kliniki ya kumbukumbu isiyojua kumwachilia mgonjwa hujisonga yenyewe.

Kwa hiyo iwe na ziara tatu, basi. Ya kwanza ni mfuko wa dawa, kipimo na vipimo vya damu. Ya pili ni majibu na skani kwa anayeihitaji. Ya tatu ni familia nzima mezani: nani analala naye, jiko la gesi linafungwa na nani, na Ramadhani ikija nani atamwambia kwamba hawajibiki kufunga, kila siku upya, maana atasahau. Siku isiwe Ijumaa, na wa ng'ambo ya Likoni wapangiwe saa nne.

Baada ya hapo arudi zahanati na barua ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili: jina la ugonjwa, kipimo kilichotumika na alama zake, dawa zilizoondolewa na sababu, zilizobaki na kiasi chake, na dalili za kumrudisha mapema, yaani kuanguka na kugonga kichwa, kuchanganyikiwa ghafla, mapigo ya moyo chini ya 50. Nakala abaki nayo anayeishi na mgonjwa, kwa sababu faili hupotea. Mwaka ukiisha kaunti izihesabu barua hizo. Zikiwa chache kuliko wagonjwa waliopokewa, basi wapinzani walisema kweli, na muuguzi wa kliniki apelekwe Likoni.