Ivor Gurney: ilikuwa sawa kumfungia miaka 15?

Ukimfuatilia Ivor Gurney, yule mshairi na mtunzi wa muziki wa Uingereza, lazima ukutane na ubishi huu: ilikuwa haki kumweka hospitali ya wagonjwa wa akili toka 1922 mpaka anafariki 1937? Wapo wanaomtupia lawama zote mdogo wake Ronald, kwamba alimtelekeza kaka yake.

Mi kwa Ronald naanza na huruma. Watu husema Vita vya Kwanza vya Dunia ndo vilimharibu Gurney, na ni kweli 1917 alipigwa risasi mkononi huko Ufaransa halafu miezi michache baadae akavuta gesi, ila wanasahau kwamba alishaugua kabla, 1913, akiwa bado mwanafunzi Royal College of Music pale London. Kufika 1922 kazi hazikai, usiku halali anatembea tu barabarani, anaamini kuna umeme unamtesa, anataka kujiua na polisi anaenda kuwaomba bastola. Na dawa hakuna, zile zinazosaidia watu wenye hali kama yake zimekuja yeye ameshakufa. Sasa hapo ndugu ungefanyaje? Kumpeleka hospitali mwaka ule sioni kosa kabisa.

Kosa naliona kwenye kilichofuata. Mwanzo alikuwa hospitali ya Barnwood House, hapohapo Gloucester kwao, ila kabla mwaka haujaisha wakamhamishia hospitali nyingine Dartford, jirani na London. Huyu mtu ushairi wake ulitoka miguuni, alizoea kutembea usiku kucha kwenye vijia vya Gloucestershire na kando ya mto Severn, ukimng'oa kule umemkata miguu. Helen Thomas, mjane wa mshairi Edward Thomas aliyefia vitani, alienda kumuona akaandika kwamba Gurney alikuwa hataki hata kutoka nje kwenye viwanja vya hospitali, kwake zile hazikuwa mashamba wala mito anayoijua. Safari iliyofuata mama huyo akabeba ramani za Gloucestershire za marehemu mumewe, wakazitandaza kitandani, Gurney akawa anafuata njia kwa kidole, kijiji kwa kijiji, ana furaha kabisa.

Kuna hoja kwamba hospitali ilimpa utulivu maana mle ndani aliandika mashairi mamia. Aliandika kweli, lakini aliandika pia barua chungu nzima akiomba kutolewa, au basi afe tu, na upande wa muziki ukakauka. Halafu kitabu chake cha kwanza cha mashairi, Severn and Somme, kilitoka 1917, miaka mitano kabla hajafungiwa. Kwa hiyo wanaosema kufungiwa ndo kulimfanya mshairi hawanishawishi hata kidogo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba rafiki yake Marion Scott, ndiye aliyetunza makaratasi yake, alikuwa anaruhusiwa kumtoa matembezi ya siku moja na kumrudisha salama. Kama mgonjwa anaweza kutoka na mtu anayemjali akarudi bila tatizo, basi hatari ya 1922 haitoshi kueleza 1927 wala 1935, na kumrudisha karibu na Gloucester lilikuwa jambo la kujaribiwa.