Wachoraji wa majalada ya senti 25: wasanii au wapiga debe?

Mwaka 1948 kampuni ya Popular Library ya New York ilitoa toleo la bei nafuu la The Private Life of Helen of Troy, riwaya iliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka 20. Mwandishi wake, John Erskine, alikuwa profesa wa fasihi, na kitabu chenyewe ni mazungumzo mtindo mmoja: Helen, yule mrembo wa ngano za Kiyunani, karudi nyumbani baada ya vita vya Troya, na jamaa zake wanabishana kuhusu ndoa, heshima na unafiki wa wenye heshima. Lakini nje, mchoraji Rudolph Belarski alimvika Helen kitambaa chepesi mno, kifua chote kinaonekana, na kampuni ikaongeza maneno ya kudai kwamba vita vya Troya vilitokana na ashiki yake. Mtu aliyelipa senti zake 25 akitarajia alichokiona dirishani alirudi nyumbani na mhadhara wa profesa.

Tangu wakati huo, jalada hilo ndilo linalotajwa kwanza kila mtu anapotaka kuwashutumu wachoraji wa vitabu vya jalada jepesi vya Marekani. Siku hizi kuna upande wa pili, nao una sauti kubwa: wakusanyaji, wauzaji wa mnadani na wapenzi wa picha za zamani wanaosema wale walikuwa mafundi wakubwa waliodharauliwa bure. Pande zote mbili zina hoja, ila nadhani zote zinateleza mahali pamoja.

Tuanze na soko, maana ndilo lililozaa michoro yenyewe. Huko Uingereza, Allen Lane alipoanzisha kampuni ya vitabu ya Penguin mwaka 1935 alitumia milia mitatu ya rangi, jina la kitabu na nembo ya ndege aitwaye pengwini, basi. Kwake yeye kizuri chajiuza. Marekani ilikwenda njia nyingine. Kampuni ya Pocket Books ilianza mwaka 1939 kwa senti 25 kwa kitabu, na vitabu hivyo havikusubiri wateja wa duka la vitabu. Vilipangwa kwenye vibanda vya magazeti, maduka ya dawa na vituo vya treni na mabasi, vikibanana na sigara, peremende na majarida. Pale mteja anapita tu. Jalada lilifanya kazi ya mpiga debe wa stendi: lazima limdake abiria kabla hajafika kwenye gari la mwenzake. Tawi la Penguin huko Marekani liling'amua hilo mapema na kuanza kuweka picha. Lane akachukizwa, na ugomvi huo ulikuwa miongoni mwa sababu za Victor Weybright na Kurt Enoch kujitenga mwaka 1948 na kuanzisha kampuni yao iliyotoa vitabu vya Signet.

Kwa hiyo anayeuliza kwa nini mchoraji alipaka mwanamke nusu uchi wakati hadithi haikumtaka, aanze kwa kuuliza nani alikuwa ameshika mpini. Mkurugenzi wa sanaa ndiye aliyeagiza picha, watu wa mauzo ndio waliochagua maneno. Mchoraji alileta kazi, akalipwa ujira wa mara moja, akaondoka. Utetezi huu una nguvu, ila una mipaka. Belarski alikuwa fundi mzoefu na alijua anachokifanya.

Kuna jalada jingine linalochekwa sana, nami naona linaonewa. Ni la toleo la Signet la 1984 ya George Orwell, lililotoka mwaka 1950 na kuchorwa na Alan Harmon. Winston, mhusika mkuu, ambaye kitabuni ni mtu dhaifu mwenye kidonda mguuni, amegeuzwa kuwa mwanamume wa misuli. Mpenzi wake Julia amevaa nguo ya kazi iliyofunguka kifuani, huku akiwa na beji ya umoja wa kupinga ngono. Watu huishia hapo, wanacheka. Lakini mwenye kukisoma kitabu anakumbuka kwamba Julia huvaa alama ya umoja huo kama kinga, ili Chama kinachotawala kisimshuku, na chini yake anaishi maisha ambayo Chama kimeyakataza. Kwa Winston, mwili wa Julia ni uasi wa kisiasa. Harmon alikosea mengi (kidonda cha Winston kisingeuza hata nakala moja, tukubaliane), lakini mgongano wa ile beji na lile vazi umetoka ndani ya riwaya.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa James Avati. Alisomea usanifu majengo Princeton, akajifunza kupaka rangi mwenyewe, akaweka makazi yake Red Bank, New Jersey. Kwa vielelezo alitumia watu wa kawaida: aliwapiga picha, kisha akawachora. Ndiyo maana watu wa majalada yake wana uchovu wa kweli. Mwaka 1953 alichora jalada la Signet la The Catcher in the Rye: kijana wa koti refu, begi mkononi, kofia nyekundu ya wawindaji ameigeuza nyuma mbele, anapita penye starehe za usiku za jiji. J. D. Salinger hakulipenda. Baadaye kitabu kilipohamia kampuni ya Bantam, mwaka 1964, kilitoka na jalada lisilo na picha, jekundu la kuiva lenye herufi za manjano tu.

Mwandishi ana haki ya kulinda kazi yake, na hofu ya Salinger inaeleweka: msomaji akishaonyeshwa sura ya Holden, kijana wa hadithi hiyo, hatamwaza mwingine. Hilo ni pingamizi zito kuliko lile la uchi, na sijaona mtetezi wa michoro aliyelijibu vizuri. Hata hivyo, Avati hakudanganya. Kofia imo kitabuni, begi limo, usiku wa New York umo, na upweke wa kijana yule umekaa mabegani pake. Kumweka kapu moja na Helen wa Belarski ni uvivu.

Wanasiasa walikuwa na uvivu huohuo. Mwaka 1952 kamati teule ya Baraza la Wawakilishi la Marekani chini ya Ezekiel Gathings wa Arkansas ilichunguza majarida, vibonzo na vitabu vya bei nafuu, majalada yakiwemo. Miongoni mwa vilivyoandamwa ni Women's Barracks ya Tereska Torrès, kilichotolewa na Gold Medal mwaka 1950 kwa jalada la Barye Phillips, la wanawake wakibadili nguo bwenini. Torrès alikuwa ametumikia jeshi la Ufaransa Huru mjini London wakati wa vita, na riwaya yake ilitokana na maisha hayo.

Wapenzi wa leo nao wanakiweka kitabu ndani ya mfuko wa plastiki na kukipima kwa rangi isiyofifia. Wanamsifu Robert McGinnis, aliyefariki mwaka 2025 akiwa na miaka 99 baada ya kuchora majalada zaidi ya 1,200, kwa wanawake wake wa miguu mirefu na macho makavu. Sifa anastahili, mkono ule ni wa nadra. Lakini ni wachache wanaouliza mwanamke yule ni nani katika hadithi, au kama yumo kabisa. Kamati ya Gathings iliona mwili, mkusanyaji anaona brashi. Kitabu hakuna aliyekifungua.

Panapobaki dhuluma isiyo na ubishi ni kwenye fedha na jina. Saini nyingi zilikatwa wakati wa kupanga ukurasa, au zikafunikwa na herufi, na jina la mchoraji halikuandikwa popote. Chini ya sheria ya zamani ya Marekani, aliyeuza picha bila kujiwekea masharti alihesabiwa kuwa ameuza na hakimiliki. Sheria mpya iliyopitishwa mwaka 1976 ilianza kutumika Januari 1978, wakati enzi ya picha hizo imeshapita. Mchoraji Frank Frazetta alikuwa mjanja mapema, akadai arudishiwe picha zake. Mwaka 2023 mchoro wake Dark Kingdom, uliotumika kwenye jalada la mwaka 1976, uliuzwa mnadani kwa dola milioni 6. Wenzake wengi waliacha picha zao kwenye ofisi za wachapishaji, na picha hizo zikigeuzwa leo kuwa kadi na mabango, mara nyingi jina linaloonekana ni la kampuni.