Friji haikulipuka, jamani

Haya, kabla hamjaendelea kunitumia zile stika, naomba nieleze mwenyewe. Najua sauti ya dakika tatu na ushee imeshafika kila grupu. Jamaa yangu wa vocha hapo kijiweni anasema friji imenilipukia, nikapigwa shoti, mama mkwe akaniokoa kwa mti wa ufagio. Uongo mtupu. Friji haikulipuka. Shoti sikupigwa, na natamani ningepigwa, maana shoti ina heshima yake; mtu akipigwa shoti anapewa pole.

Langu halina pole.

Iko hivi. Ijumaa mama mkwe kaingia kutoka Tanga na ndoo ya nguru, vipande vimepangwa kama matofali. Na friji yetu, ile ya mlango mmoja yenye kifriza juu, ilikuwa na wiki nzima haipozi. Maji vuguvugu, nyanya zimelegea, maziwa yanageuka mtindi bila kuombwa. La ajabu, kule juu kwenye friza barafu imejaa nene kama godoro, hata kile kimlango chake hakifungi. Mke wangu akasema tumwite fundi. Nikasema fundi wa nini?

(Anayetaka kucheka aanze hapa, asisubiri mwisho.)

Nilikuwa nimeshaangalia video tatu. Ya mwisho ilikuwa ya fundi mmoja Mhindi, anaongea Kihindi mwanzo mwisho, lakini mikono inaeleweka: kachomoa waya, kafungua mlango, kaweka beseni. Halafu kanyanyua kisu, kakisogeza karibu na kamera, huku kidole cha mkono wa pili kinapunga kulia na kushoto. Mimi nikaelewa: sasa chukua kisu.

Na wazo lenyewe halikuwa la kijinga lote. Barafu ikishakuwa nene inageuka blanketi; baridi inabaki huko juu imejifunika, chini nyanya zinaoza. Ukiiondoa, friji inapoza. Hilo hata fundi baadaye alinikubalia. Kilichonishinda ni subira: unazima, unaacha mlango wazi, inayeyuka yenyewe hadi asubuhi. Sasa mimi nisubiri vipi, na nguru wako ndani ya ndoo, mkwe yuko sebuleni, na joto la Dar mnalijua?

Jumamosi saa nne asubuhi nimevaa msuli (wa kuvaa, ule wa mkono sina), nimeufunga harakaharaka kama mtu anayekwenda bafuni. Waya nilichomoa, hilo mnipe alama. Nikachukua kisu cha nyama. Mapigo matatu ya kwanza safi kabisa. Kipande kipana kama sahani kikaanguka kwenye beseni, nikamwita mke wangu aje aone. Hakuja. Nikachokonoa tena, kule kwenye kona ya nyuma ambako barafu ilikuwa imeng'ang'ania. Kisu kikaingia. Kikaingia kirahisi mno.

Psssssssss.

Huo mlio naomba niueleze, maana hadi sasa nausikia nikilala. Tairi ikipasuka ina hasira. Huu ulikuwa mwembamba, wa upole, kama bibi anayekunyamazisha msibani. Nikachomoa kisu, ukaongezeka. Nikarudisha kisu, ukapungua. Nikachomoa tena nione, sijui nilitaka kuona nini, kitundu chenyewe kama mdomo wa sisimizi. Nikaweka kidole.

Kimya.

Hapo nikajiona mshindi. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimeziba, kichwa kimezama friza hadi masikioni, ndevu zinagusa barafu. Kimya kabisa. Halafu nikawaza: haya, sasa?

Maana gesi ikiisha friji imekufa, hilo nalijua. Kwa hiyo kidole hakitoki. Lakini kidole nacho kilikuwa kinaaga dunia, ncha yake siisikii tena. Ndipo nikawakumbuka bodaboda: tangi likivuja wanapaka sabuni ya mche, safari inaendelea. Nikapaza sauti humo humo ndani: "Mama nanii! Lete sabuni! Gesi inatoka!"

Wadau, jaribuni kusema hayo kichwa kikiwa ndani ya friza. Nje lilifika neno moja tu. Gesi.

Mke wangu alikuwa jikoni, ubavuni kwake mtungi. Alizima jiko, akabeba mtoto, akatoka uani anapiga kelele. Nyumba ina wapangaji wanne. Nikasikia milango, nikasikia ndoo zinabingirika, nikasikia mtu anauliza kama aanze na televisheni au godoro. Wa kuniletea sabuni hakuna.

Aliyekuja ni mama mkwe.

Wenzake wanakimbia kutoka, yeye anaingia, kuja kuona kama mkwe wake mzima. Nikasikia malapa yanakuja kwenye korido, pa, pa, pa. Na msuli ukachagua wakati huo huo. Niliuhisi kiunoni: fundo linalegea upande wa kushoto, taratibu, kama mjumbe anayetoka kwenye kikao bila kuaga. Mkono wa kulia uko kwenye kitundu. Wa kushoto una kisu, na sioni pa kukiweka kwa sababu macho yangu yako kwenye barafu. Nikakaza tumbo. Tumbo langu mnalijua, halina uwezo wa kukaa limekazwa. Nikabana magoti. Malapa yakasimama mlangoni.

Nikabaki na mawili: friji au adabu. Mtu mwenye akili angeachia gesi. Mimi nikapiga hesabu ya fundi, nikabaki na kidole.

Msuli ukashuka.

Chini yake nilikuwa na bukta ya njano yenye picha za mananasi, zile za mnadani tatu kwa elfu tano. Nashukuru ilikuwepo. Zaidi ya hapo sina cha kushukuru, maana nanasi la nyuma lilikuwa na tundu.

"Baba," akasema mama mkwe. Alikuwa anaiambia kalenda ya ukutani, kageuza uso wote huko. "Baba, naona una shughuli. Nitapita baadaye."

"Shikamoo mama," nikasema kutoka ndani ya friza. Asubuhi nilishamwamkia, lakini nilikosa neno.

"Marahaba," akaijibu kalenda.

Na nyuma ya bega lake, jamaa wa vocha, kaja kurudisha ngazi yangu, simu mkononi. Mengine mmeyaona kwenye picha.

Nikaachia kidole. Gesi ikatoka hadi ikachoka yenyewe. Fundi alikuja jioni, akaigeuza friji, akasoma aina ya gesi kwenye kibandiko cha nyuma: R134a, hii haiwaki, za siku hizi nyingi ni R600a na hiyo inawaka, kwa hiyo wapangaji hawakuwa wajinga kukimbia. Nikamuuliza kuhusu sabuni ya mche. Alicheka hadi akatafuta kiti. Kuchomelea tundu, kuvuta hewa na pampu, kujaza gesi upya: laki na ishirini.

Halafu akaniomba noti ya elfu kumi. Akaibana kwenye mlango wa friji, akafunga, akaivuta kwa vidole viwili, ikatoka bila ubishi wowote. "Mpira haushiki," akasema. "Hewa ya unyevu inaingia usiku kucha, ndiyo hiyo barafu yako." Kona ya chini mpira umepinda na umegandiana kwa juisi ya ubuyu iliyokauka. Dawa yake? Maji ya moto na sabuni, unausafisha, ukilainika unaunyoosha unakaa. Sabuni. Ile ile niliyokuwa naililia nikiwa friza. Noti yangu ya kupimia hakuirudisha, na mimi sikuwa na uso wa kuidai.

Nguru tulimkaanga wote siku ileile, wapangaji wakala wakashiba, na shukrani yao ni kuniita Baba Mananasi. Mama mkwe kaondoka leo alfajiri. Tumeagana vizuri tu, yeye akitazama begi lake. Amemwachia mke wangu pini mbili kubwa, zile za nepi.

"Mpe baba," kasema. "Za msuli."