"Sina mtu": Je, mgonjwa wa Bethzatha alikuwa akitoa visingizio?

Mahubiri mengi juu ya Yohana 5 hupita njia moja, na niliyoyasikiliza juzi hayakuiacha njia hiyo. Mtu amelala kando ya birika la Bethzatha, Yerusalemu, mgonjwa wa miaka 38. Yesu anamwuliza, "Wataka kuwa mzima?" Mtu yule hasemi ndiyo. Anaanza kueleza kwamba hana mtu wa kumtia birikani maji yanapotibuliwa, na kila akijikokota, mwingine anamtangulia. Hapo ndipo mhubiri alipopaza sauti. Kwa maelezo yake, huyu alikuwa ameshalizoea godoro lake. Aliulizwa swali jepesi akatoa visingizio. Kisha akatugeukia sisi: wangapi humu ndani wamekaa na magonjwa yao kwa sababu hawajaamua kupona? Watu wakaitikia amina, wengine kwa nguvu sana.

Nimpe kwanza haki yake. Swali lile linashangaza kweli, na mhubiri anayelipita haraka anatunyima kitu. Ugonjwa wa miaka mingi humpangia mtu maisha: nani atakuja kumwona, atakula kwa mkono wa nani, lipi anatarajiwa kulifanya na lipi amesamehewa. Akipona leo, kesho itabidi ajitafutie riziki, pengine kwa kazi ambayo hakuwahi kuifanya. Aliyewahi kuuguza kwa muda mrefu anajua kwamba hofu ya kupona ipo, ingawa haitajwi. Hata anayesaidiwa kuacha pombe hafiki mbali kama hakuulizwa yeye mwenyewe anataka nini. Kwa hiyo kusema kwamba utashi wa mgonjwa una nafasi yake si ukatili.

Lakini jibu la mtu yule lisomwe lote kabla ya kuitwa kisingizio. Anaeleza jinsi mambo yalivyokwenda pale. Waliokusanyika waliamini kwamba anayewahi kushuka maji yakitibuliwa ndiye anayepona. Ukiutazama vizuri utaratibu huo, utaona unamfaa zaidi yule mwenye shida ndogo kuliko wote. Mwenye kidonda mkononi atamtangulia asiyeweza kutembea leo, kesho na hata baada ya miaka 38. Tena lile si dimbwi la kukanyaga. Waliochimbua magofu karibu na kanisa la Mtakatifu Anna mjini Yerusalemu walikuta mabirika mawili makubwa yenye kina kirefu, yametenganishwa kwa ukuta. Mtu asiye na nguvu za mwili akiingia humo anahitaji wa kumteremsha, na akishateremshwa anahitaji wa kumshika asizame. Anaposema "sina mtu", anataja hasa kile kinachokosekana.

Mlinganishe na mwenye kupooza wa Marko 2. Yule alibebwa na watu wanne, wakatoboa dari, wakamshusha. Injili haisemi kama alitaka kupona kuliko huyu wa Bethzatha. Kinywani mwake halimo hata neno moja. Tena imani ambayo Marko anasema Yesu aliiona ni "imani yao", si ya mgonjwa peke yake. Tunachokijua kwa hakika ni kwamba mmoja alikuwa na wanne na mwingine hakuwa na hata mmoja. Nashangaa kwamba mahubiri ya dakika arobaini juu ya mtu anayelia kukosa mtu hayakugusa hata mara moja wajibu wa wale waliokuwa wakipita karibu naye.

Kuna jambo jingine ambalo mhubiri aliliongeza bila kututahadharisha, nalo ni imani. Alisema mtu yule aliponywa pale alipoamini. Andiko halisemi hivyo. Kuna habari za uponyaji ambamo imani ndiyo kiini chake: mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 anaambiwa imani yake imemponya, na kipofu Bartimayo vivyo hivyo. Kule Nazareti, Marko 6 inasema Yesu hakuweza kufanya muujiza wowote, isipokuwa kuwaponya wagonjwa wachache, akistaajabia kutokuamini kwao. Mhubiri akitaka kuhubiri imani na uponyaji, ana mahali pa kusimama. Ila Yohana 5 si mahali hapo. Mtu huyu hakumwita Yesu, hakumwomba kitu, na alipoponywa hakumjua aliyemponya ni nani. Kama angefanyiwa mtihani wa imani siku ile angeanguka, na bado aliambiwa, "Simama, jitwike godoro lako, uende."

Bila shaka mtu ataniambia kwamba kusimama kwenyewe kulikuwa imani. Pengine. Lakini hata tukikubali hivyo, imani hiyo ilikuja baada ya neno la Yesu. Haikuwa ada ya kiingilio.

Hapo ndipo tofauti yangu na mhubiri inapokuwa kubwa. Aliyeuliza "Wataka kuwa mzima?" alikuwa na uwezo wa kumwinua aliyemwuliza, na alimwinua papo hapo. Swali hilohilo likitoka kwa mtu asiyeweza kuinua, kisha mgonjwa akarudi nyumbani na ugonjwa wake, linageuka kuwa mashitaka. Mgonjwa anaondoka na mizigo miwili: maradhi, na hatia ya kutotaka kupona kiasi cha kutosha. Wako walioacha dawa ili kuonyesha kwamba wameamua. Hakuna mstari katika sura hii unaowaagiza hivyo, na Paulo, ambaye hakuwa haba wa imani, alimwacha mwenzake Trofimo hawezi huko Mileto bila kumlaumu.

Hata hivyo sitaki kumfanya mtu wa Bethzatha mtakatifu kwa kuwa tu namtetea. Yohana mwenyewe hamremba. Baadaye Yesu anamkuta hekaluni, anamwonya asitende dhambi tena, lisimpate lililo baya zaidi. Naye anakwenda kuwaambia wakubwa kwamba aliyemponya ni Yesu, na kuanzia hapo Yesu anaandamwa. Mhubiri angeweza kuujengea hoja mstari huo wa 14, maana unaonekana kuunganisha dhambi na ugonjwa. Ningemjibu kwa sura ya 9 ya kitabu hichohicho, ambako Yesu anaukataa muungano huo kwa yule aliyezaliwa kipofu. Mistari hiyo miwili inavutana, na anayehubiri mmoja bila mwingine anajirahisishia kazi.

Swali linalonitatiza mimi, na linalotatiza pia msomaji anayependa kusisitiza huruma, ni la wale wengine. Yohana anasema palikuwa na jamii kubwa ya wagonjwa, vipofu, viwete, waliopooza. Aliyeinuliwa ni mmoja. Wanaomfuata mhubiri watasema wengine hawakuwa tayari, lakini andiko halisemi hivyo. Mimi nikisema Yesu alimchagua aliyekosa mtu kabisa, hilo nalo ni la kukisia. Afadhali kuliacha wazi kuliko kulijaza kwa lawama ya waliobaki.

Jambo la mwisho ni pale mahubiri yalipokatiwa, mstari wa 9, mtu akiwa ametembea. Mistari inayofuata inasema ilikuwa sabato. Maneno ya kwanza tunayosikia akiambiwa na watu wa dini baada ya miaka 38 ni kwamba si halali kujitwika godoro. Anawajibu kwamba aliyemfanya mzima ndiye aliyemwagiza. Wao wanauliza ni nani aliyemwambia ajitwike. Habari ya kupona wanairuka kabisa. Ningependa kumsikia mhubiri yule akiihubiri nusu hii ya pili, maana humo wanaoulizwa si wagonjwa tena.